Nyani Haongei

Gundi ya unga wa muhogo ina harufu yake. Ukichemsha uji mzito, ukaupaka kwenye katoni na kuianika juani, mwanzoni inanukia kama chakula. Baadaye inachacha kidogo, na ikishakauka inabaki harufu ya vumbi, mkaa na maziwa yaliyosahaulika ndani ya kibuyu. Ijumaa iliyopita nilifika kwenye mlango wa darasa langu hapa Mantapala, kambi ya wakimbizi nchini Zambia, harufu hiyo ikanipokea kabla ya watoto, nami nikashindwa kuingia. Nilisimama kizingitini. Watoto walidhani ninawachunguza, wakaharakisha kazi.

Walikuwa wanatengeneza vinyago vya mchezo wa kuigiza. Kazi hiyo niliwapa mimi mwenyewe: tungeni mchezo wa kuchekesha kuhusu maisha ya hapa. Walikuwa wamefanya vizuri. Kiboko wao, anayewapanga wenzake foleni halafu yeye anapita mbele, alinichekesha hata kabla ya kuvaa tumbo lake la magunia. Lakini karibu na dirisha alikaa Safi, msichana wa miaka kumi, mtoto wa Batwa, watu wa msituni wanaodharauliwa kwetu, ameshika katoni yenye masikio mawili na mdomo uliochomoza.

"Madamu," akaniambia, "banasema mi na kaka yangu njo tutakuwa nyani."

Nikauliza kwa nini wao. Kiongozi wa kikundi, binti mwerevu ambaye nampenda, akajibu bila uovu wowote usoni: "Juu bale hawatahitaji kufundishwa, madamu."

Darasa zima likacheka.

Sina tabia ya kupiga kelele darasani. Siku ile nilitoka nje nikashika ukuta, kisha nikarudi nikawaambia tutaendelea Jumatatu. Sentensi ile nilishaisikia, karibu neno kwa neno, nilipokuwa na umri wa Safi, kule Kashikishi. Nimekaa kuiandika hapa kwanza. Nikisimama mbele yao na hasira hii ikiwa bado mbichi nitawatisha tu, na mtoto aliyetishwa haelewi kitu. Basi nivumilie wewe, msomaji, hasira yangu ipoe mikononi mwako.

Tulivuka Ziwa Mweru kutoka Kongo wakati wa vita. Tulikuwa watatu: mimi, mama, na nkambo, ndivyo tunavyomwita bibi kwetu. Tulishuka Kashikishi, upande wa Zambia, na sufuria moja, mafurushi mawili, na miguu iliyolowa. Kitu cha kwanza nilichokiona ni mchanga unaong'aa. Walikuwa wameanika visense, samaki wadogo kama kidole cha mtoto mchanga, maelfu kwa maelfu, na jua la saa nne likiwapiga walimeta mpaka nikafumba macho. Mwanamke mmoja mnene alikuwa ameinama akiwageuza wake kwa ufagio wa majani. Alitutazama kuanzia kichwani hadi kwenye sufuria. Hakuuliza tunatoka wapi, maana ilionekana. Aliuliza kwa Kiswahili cha biashara, kile cha Bazambia wa pwani ya ziwa, nusu yake Kibemba:

"Mwe bantu, muko ba mukowa gani?"

Mwe bantu ni "enyi watu", na mukowa ni ukoo. Mama akajibu kwa sauti ndogo, "Siye njo ba Mbuzi."

Yule mwanamke aliangusha ufagio. "Mayo! Mbuzi! Nyama yangu imevuka mayi yenyewe! Mi niko wa Chui, mwe bantu, leo tunakula!"

Nilijificha nyuma ya nkambo. Nilikuwa nimetoka mahali ambapo watu waliposema hivyo walimaanisha. Lakini nkambo, ambaye hakuwa amecheka tangu tulipofunga mlango wa nyumba yetu, alinyoosha mgongo na kuweka mkono kiunoni.

"Chui gani weye?" akasema. "Chui wa kukaa na samaki? Meno ilishaisha, sasa unalamba visense sawa paka!"

Wanawake wote wa mchangani waliangua kicheko, na aliyecheka kuliko wote ni yule Chui mwenyewe. Alicheka mpaka akajishika magoti. Kabla jua halijazama alikuwa amesogeza samaki wake, akatuachia ukanda wa mchanga kando ya wake, upana wa mikeka mitatu. "Hapa njo pa mbuzi wangu," akawatangazia wenzake. "Mwenye kuwagusa atanipata." Jina lake lilikuwa Bana Kabwe, yaani mama yake Kabwe. Ukanda ule ndio uliotulisha mwaka mzima. Visense hawangoji: ukiwatoa majini asubuhi na usipate mahali pakavu pa kuwaanika, saa kumi wameshaoza. Mwenye nafasi mchangani anakula, asiye nayo anatazama wenzake wakila.

Kama umekulia mahali penye watani, umeshaelewa. Kama hujakulia, nitakueleza polepole, kwa sababu kila kitu kinachofuata kinasimama juu ya hili. Pande zote mbili za ziwa letu koo ni zilezile, na mpaka uliochorwa katikati ya maji haukuzigawa. Ukoo wa Chui na ukoo wa Mbuzi ni watani. Chui humtania Mbuzi kwamba ni nyama, ni mpumbavu, ananuka. Mbuzi naye humtania Chui kwamba ni mwoga, mwizi, anapandisha mlo wake mtini kwa kuogopa fisi. Hakuna anayekasirika. Lakini utani huo una masharti, na nkambo alinifundisha akiwa ananisuka nywele. Ukitaniwa lazima ujibu. Usipojibu umemtukana mtani wako kuliko tusi lolote, umemwambia kwamba hayupo. Na mtani wako akifiwa, wewe ndiye unayeshika jembe. Unachimba kaburi, unapika, unafanya mzaha mbele ya maiti ili waliofiwa wasife kwa huzuni. Anayekuita mbuzi ndiye atakayekuzika.

Kwa hiyo nilikua nikiitwa mnyama kila asubuhi. "Mbuzi wangu wameamka wanene?" Bana Kabwe angeuliza. Nami, mtoto wa miaka tisa, ningemjibu, "Wameamka, lakini chui hana nguvu ya kupanda hata mchanga!" Angenirushia samaki mmoja mkavu kama zawadi. Kwangu, kuitwa mnyama kulikuwa ni kukaribishwa. Elewa jambo hilo, maana ndipo kosa langu lilipoanzia.

Mwaka uliofuata niliingia darasa la Ticha Mwape. Natamani ningekuambia alikuwa mtu mbaya, ingenirahisishia kazi. Alikuwa mwalimu bora niliyewahi kuwa naye. Sehemu za hesabu alitufundisha kwa kukata muhogo, kisha tukala majibu. Katika somo la historia alituchorea ubaoni picha ambazo wazungu wa zamani walizichora kutuhusu: mtu mweusi mwenye mdomo wa sokwe, mtu mweusi juu ya mti. Chaki ilivunjika mkononi mwake kwa hasira. "Walitufanya nyani," alisema, "ili wasione aibu kutufanyia waliyotufanyia." Nilimkumbatia moyoni mwangu kwa sentensi hiyo. Bado naikumbuka, na bado inanichoma.

Kwa siku ya wazazi alitunga mchezo. Ulikuwa wa kumcheka mwenyekiti wa bandari, mtu aliyechukua samaki bora katika kila mashua bila kuushika hata wavu. Katika mchezo mwenyekiti alikuwa Kiboko. Mtoto aliyemwigiza alifungwa mto tumboni, akafundishwa kuchokonoa meno kwa njiti ya kibiriti na kusema "tutaona, tutaona" kila alipoulizwa kitu, kama mwenyewe kabisa. Ulikuwa mzaha wa haki. Kila mtu Kashikishi alijua unamhusu nani, na alikuwa amefanya nini.

Lakini hadithi ilihitaji kitu ambacho Kiboko anakiruhusu kiharibu nchi. Ticha Mwape akaweka nyani. Nyani wanavuka ziwa juu ya gogo, wanaingia shambani, wanakula, wanajikuna, wanazaana, wanapiga kelele zisizo na maana, na Kiboko hawafukuzi kwa sababu wanampa sehemu ya wizi wao. Mwenye shamba angekuwa Ticha Mwape mwenyewe. Alitutazama darasani. Tulikuwa wanne tuliotoka ng'ambo.

"Nyinyi mtakuwa nyani," akasema akitabasamu. "Hamtahitaji kufundishwa."

Darasa lilicheka. Na mimi, Mungu wangu, nilicheka kuliko wote. Nilidhani amekuwa mtani wetu! Nilidhani siku ile Ticha Mwape ametuchagua, kama Bana Kabwe alivyotuchagua mchangani. Nilikimbia nyumbani nikachemsha uji wa muhogo, nikaupaka kwenye katoni, nikasaga mkaa kwa ajili ya nyusi. Nilitengeneza kinyago kizuri kuliko vyote vinne. Kisha nikaenda kwa nkambo.

"Nkambo, mwenye shamba akimuita mutu nyani, nyani atamujibu aje?"

Yeye hakujua lolote kuhusu mchezo. Alidhani ni watoto wanataniana. Alifikiri kidogo, macho yakamng'aa. "Utamuambia: weye mwenye shamba, jembe lako haina hata udongo! Muke wako njo analima, weye unashika mpini tu!"

Maneno hayo niliyarudia njia nzima ya kwenda shule.

Siku ya wazazi uwanja ulijaa. Mama alikaa mbele na nkambo. Bana Kabwe alikuwa nyuma yao, amevaa kitenge kipya. Mwenyekiti mwenyewe alipewa kiti. Kiboko alipotoka na kusema "tutaona, tutaona", watu walipiga makofi na kumgeukia, naye mwenyekiti akatikisa tumbo, akapaza sauti, "Huyo ni mwembamba mno! Mlisheni vizuri!" Watu wakazidi kufurahi. Naomba ukumbuke: aliruhusiwa kujibu. Alijibu kutoka kitini, na alipojibu akawa mtu tena.

Kisha tukatoka sisi, kwa mikono na miguu, tukijikuna. Kicheko kilichotupokea kilikuwa cha namna nyingine. Sikuwa na neno lake wakati ule, nilihisi tu kwamba hakikunigusa mimi, kilipita juu ya kichwa changu kwenda kumwangukia mtu mwingine. Ndani ya kinyago kulikuwa na joto na harufu ya uji uliochacha. Kwenye matundu mawili nilimwona Ticha Mwape, mwenye shamba, akija na jembe jipya la dukani.

"Nyani nyinyi!" alinguruma. "Mmekula shamba langu!"

Ilikuwa zamu yetu kupiga kelele na kukimbia. Wenzangu walikimbia. Mimi nilisimama kwa miguu miwili, nikapandisha kinyago mpaka juu ya paji, nikaweka mkono kiunoni kama nkambo.

"Weye mwenye shamba, jembe lako haina hata udongo!"

Watu waliligeukia jembe lake. Halafu mtu mmoja alicheka, halafu wengi, maana ilikuwa kweli: jembe liling'aa kama kijiko. Nilimtazama Ticha Mwape nikingoja. Nilingoja ajishike magoti acheke. Nilingoja samaki wangu.

Uso wake ulikuwa umefungwa. Alitupa jembe, akanifikia kwa hatua mbili, akakamata kinyago kwa mkono mzima na kukishusha juu ya uso wangu kwa nguvu mpaka katoni ikanikata pua. Akaugeukia uwanja.

"Nyani haongei!" akasema.

Hapo ndipo walipocheka kweli. Nilikisikia kicheko kikija kama wimbi. Kupitia matundu, damu ikinitiririka mdomoni, nilimwona mama amesimama. Nyuma yake nilimwona Bana Kabwe, ameinamisha kichwa kwenye kitenge chake kipya, mabega yakimtikisika, akifuta machozi ya kicheko.

Siku ya tatu baada ya hapo tulikwenda mchangani na beseni la visense wabichi, tukakuta mwenyekiti amesimama kwenye ukanda wetu. Watu wake walikuwa wameshatandaza nyavu zao pale. Mama aliongea kwa heshima, akaeleza kwamba nafasi ile tulipewa, kwamba tuliisafisha wenyewe, kwamba samaki wanaharibika.

Mwenyekiti alichokonoa meno. Hakukasirika hata kidogo. Aliwaangalia waliokuwepo, akasubiri wote wamtazame, akasema, "Nyani haongei."

Mchanga mzima ulicheka. Unaona kilichotokea? Mchezo ulitungwa kumpiga yeye. Kiboko alitoka uwanjani bila mkwaruzo, ameokota fimbo ambayo mwalimu wetu aliichonga, na fimbo hiyo ikatuangukia sisi. Siku ile Ticha Mwape hakuwa mchangani kuona, alikuwa darasani akifundisha. Bana Kabwe alikuwepo, hatua nne kutoka kwetu, na hakucheka mara hii. Aliinamisha macho akaendelea kugeuza samaki wake, akageuza waliokwisha kugeuzwa. Yule aliyesema "atanipata" hakumpata mtu yeyote.

Tulianika upande wa matete, penye unyevu. Saa kumi tuliwazika visense wote kwenye shimo kwa sababu ya uvundo. Mama alirudi nyumbani, akachukua kinyago changu, akakikata vipande na kuwashia mbaula, jiko letu la mkaa. Hakunigombeza. Aliosha mikono, akanishika mkono, tukaenda kwa mwalimu.

Tulimkuta barazani kwake anasahihisha madaftari.

"Karibu, Mama Feza. Kaa."

"Sitaikala, mwalimu. Nilikuya kuuliza. Mutoto wangu iko nyani?"

"Aa, mama, mukwai, tafadhali!" Aliweka kalamu chini, sauti yake ya upole ileile ya kufundishia. "Ule ni utani tu. Nyinyi mnaupenda, nawasikia kila siku na Bana Kabwe: mbuzi, chui, mbuzi, chui. Tofauti iko wapi?"

"Weye uko wa mukowa gani?"

"Mimi nimekulia mjini, mama. Hayo mambo ya koo siyafuati."

"Alors, basi, nitakujibu aje?"

"Hakuna haja ya kujibu."

Mama akasogea karibu na madaftari yake. "Na siku mama yangu atakufa, utakuya kuchimba?"

"Mungu apishe mbali, mama. Kwa nini unasema mambo ya kufa?"

Tukaondoka. Njiani sikuelewa kwa nini mama alianza kuongea habari za kaburi wakati sisi tulitaka mchanga wetu. Nilidhani hasira imemchanganya.

Tangu siku ya mchezo mama hakumjibu tena Bana Kabwe. Nyumba zetu zilitazamana, na kila asubuhi mwanamke yule alijaribu. "Mbuzi, umeamka?" Kimya. "Mbuzi, umekuwa bubu?" Kimya. Siku nyingine sauti yake iliomba zaidi kuliko kutania. Nilikuwa naufungua mdomo nijibu, mama ananibana mkono.

"Juu ya nini, mama?"

"Alicheka."

"Lakini anachekaka kila siku!"

"Kila siku anachekaka na siye," mama akasema. "Siku ile alicheka na bale."

Mvua zilipoanza nkambo alishikwa na homa. Bila nafasi ya kuanika tulikuwa tunakula mara moja kwa siku, na mwili wake haukuwa na cha kupigania. Alikufa asubuhi, kimya, mkono wake ukiwa ndani ya nywele zangu. Mama hakutuma habari kwa mtu. Jua lilipopanda tulisikia sauti barabarani.

"Mbuzi mzee amejificha wapi? Chui iko na njaa! Nileteeni nyama yangu!"

Bana Kabwe alikuja amejipaka majivu usoni, jembe begani, na wanawe wawili nyuma yake na majembe yao. Alisimama mlangoni akiita, akacheza miguu, akajitupa chini na kusema mbuzi mzee amekimbilia kaburini kwa kumwogopa. Alifanya yote yanayompasa mtani. Mama aliketi kando ya mwili wa mama yake, akatazama ukuta.

Walichimba kutwa katika udongo mzito wa mvua. Nilikaa ukingoni nikiwatazama. Tope liliwafika mapajani. Baadaye alimwosha nkambo kwa mikono yake, akampaka mafuta, akamfunika. Kila alipomaliza jambo moja alimgeukia mama na kumtania tena, kila mara kwa sauti ndogo zaidi, akingoja. Mwishoni, udongo ulipokwisha kurudishwa, alisimama mbele ya mama na jembe lake lililojaa tope.

"Nilichekaka, Mama Feza," akasema. "Unijibu hata neno moja."

Mama hakusema neno. Ticha Mwape alipita barabarani kwa baiskeli, akavua kofia kwa heshima, akaendelea na safari yake.

Mwezi huo tulipanda lori la kwenda kambini pamoja na wengine wa ng'ambo. Miaka ilipita, nikasoma, nikawa mwalimu. Mama alifariki bila kumjibu Bana Kabwe. Kwa muda mrefu nilidhani huo ulikuwa ukali wa mama. Leo najua kwamba kitu fulani kilikuwa kimevunjwa ndani yake, kile kinachomwezesha mtu kuitwa mnyama na kucheka. Hakuweza tena kusikia neno "mbuzi" bila kusikia uwanja mzima nyuma yake.

Na leo naweza kumjibu Ticha Mwape swali lake la barazani, ingawa limechelewa. Tofauti iko hapa. Kiboko alikuwa na kosa, sisi tulikuwa na asili tu. Kiboko alikuwa mtu mmoja mwenye tumbo lake na njiti yake na "tutaona" yake. Angeacha kuiba, mzaha ungekwisha. Sisi tungeacha nini ili tusiwe nyani? Hatukupewa majina katika mchezo ule, wala tabia, hata maneno hatukupewa. Na kati ya wanyama wote wa ziwani na porini alituchagulia yule anayefanana na mtu bila kuwa mtu, mnyama yuleyule aliyemvunjia chaki ubaoni. Alijua! Alijua picha ile inafanya kazi gani, na alipoihitaji kuchekesha wazazi aliichukua, akaipitisha kwetu. Kwamba alikuwa mwema kunaniudhi zaidi. Mtu mbaya angefukuzwa uwanjani.

Miaka miwili iliyopita Bana Kabwe alifariki. Nilisikia sokoni Nchelenge, karibu na Kashikishi, nikaazima baiskeli na jembe. Nilijipaka majivu njiani. Nilipofika uani kwake wanawe hawakunifahamu. Nilisimama katikati ya waombolezaji nikapaza sauti: "Chui amekufa na njaa! Meno iliisha, akalamba visense mpaka mwisho! Mbuzi tumebaki, tutakula majani juu ya kaburi yake!"

Watu waligeuka. Halafu Kabwe, mwanawe mkubwa, alianza kucheka huku analia, akanishika bega akanipeleka kaburini. Nilichimba mpaka viganja vikachubuka. Neno alilomwomba mama nilimletea mimi, na hakulisikia. Hilo pia ni deni la Ticha Mwape, na hatalilipa.

Alikuwepo. Alikaa kwenye kiti cha plastiki, amezeeka, anaheshimiwa. Nilipopita na udongo umenifika kwenye viwiko, alinitambua, akafungua mikono.

"Feza! Nyani wangu! Ulikuwa mwigizaji kuliko wote!"

"Mwalimu," nikamwambia, "jembe lako liko wapi?"

Alicheka kwa upole, akawageukia waliokaa naye, akawaambia mimi nilikuwa mwanafunzi wake. Hakukumbuka. Mimi nina kovu la katoni puani, yeye hakukumbuka hata swali la mama yangu kuhusu kuchimba.

Sasa unajua kwa nini nilishika ukuta. Batoto bangu, waliovuka ziwa kama mimi, ambao wenyewe wameitwa kila kitu, waliichukua katoni ileile wakaitafutia uso wa kuibandika. Sitawachapa. Jumatatu nitawakalisha, nitawasifu kwa Kiboko wao, kwa sababu anastahili, na ana jina, na anaweza kujibu. Kisha nitaweka vinyago vya nyani mezani na kuwauliza: huyu anaitwa nani? Amefanya nini? Katika mchezo anasema nini? Nitangoja wajibu, hata ikichukua asubuhi nzima. Wakishindwa, vinyago hivyo tutawashia mbaula ya chai.

Safi sikumngojesha mpaka Jumatatu. Nilimfuata siku ileile wenzake walipokwenda kucheza. Alikuwa bado ameshika katoni yake, gundi haijakauka. Nilimwambia hatakuwa nyani. Nilimwambia pia kwamba mtu akimwita hivyo, popote, hata kwa kucheka, hata akiwa mwalimu, ana ruhusa yangu kumjibu.

Alifikiri. "Na bakinipiga, madamu?"

Nilimpangusa uji wa muhogo kwenye vidole, kimoja kimoja. Nilitafuta kitu cha kumwahidi ambacho kingekuwa kweli.

"Nitakuwa nimesimama hapo," nikasema. "Wewe jibu."